Sikipendi "Adili na Nduguze", na Bado Ninakisoma

Kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri tunakaa kwenye baraza ya jirani yangu, karani mstaafu wa reli, watu watano au sita hivi, dele la kahawa katikati yetu na kashata kwenye sahani, tukizungumza habari za vitabu. Hakuna aliyeyapanga mazungumzo hayo. Yalianza siku moja mzee huyo aliponiona nikipita na kitabu kwapani, akanikaribisha, na hata kabla sijamaliza shikamoo yangu akaniuliza: "Mwalimu, umefundisha fasihi miaka ishirini na mitatu. Hebu niambie, katika vitabu vyote hivyo, kipi hukipendi?" Nilicheka, kama anavyocheka mtu aliyeulizwa umri wake hadharani, kisha nikatambua kwamba sina jibu. Watoto wa watu nimewafundisha dhamira, migogoro, falsafa ya mwandishi na matumizi ya lugha; nimesahihisha mitihani mpaka macho yakaniuma; lakini katika miaka yote hiyo hapakuwa na mwanafunzi, mkaguzi wala mwalimu mwenzangu aliyewahi kuniuliza kama kitabu ninachokifundisha ninakipenda.

Waliopitia sekondari zetu watakumbuka jinsi uhakiki ulivyofundishwa. Kitabu kilipasuliwa vipande viwili, fani na maudhui, kila kipande kikakatwakatwa tena, na mwisho kabisa, kama mkia wa samaki usiogombewa na mtu, vikaja vichwa viwili vya habari: kufaulu kwa mwandishi na kutofaulu kwake. Chini ya kufaulu tuliandika mistari kumi. Chini ya kutofaulu tuliandika mmoja, na ulikuwa uleule kwa vitabu vyote: "Hata hivyo, mwandishi ametumia baadhi ya maneno magumu." Nilinakili mstari huo nikiwa mwanafunzi, na nilipokuwa mwalimu niliuandika ubaoni kwa mkono wangu mwenyewe, mwaka baada ya mwaka, bila kujiuliza hayo maneno magumu ni yapi na yalimkwaza nani. Tulikuwa tumefundishwa kuwaheshimu waandishi wakubwa kwa namna ya kuwanyamazia, na mimi nikaurithisha unyamavu huo kwa vijana ambao huenda, kama wangeachwa, wangesema mambo ya maana.

Pale barazani tulipoanza kusema, tulisema ovyo. Kijana mmoja mwendesha bodaboda alitangaza kwamba anaichukia tamthilia fulani kuliko kitu chochote duniani, na alipobanwa aeleze ikadhihirika kwamba tamthilia yenyewe haikumbuki. Anachokikumbuka ni mwalimu aliyemchapa kwa kuisahau. Ndipo muuguzi mmoja wa zamani, mwanamke asiyependa maneno mengi, akatutungia kanuni tunayoifuata hadi leo. Alisema: "Mgonjwa akiniambia anaumwa, namuuliza inauma wapi. Na nyinyi mkisema hampendi, tuonyesheni inapouma." Tangu siku hiyo mtu hawezi kukisifu wala kukishutumu kitabu bila kukifungua na kusoma kwa sauti ukurasa mmoja unaomgusa au unaomuudhi, kisha wengine wauamue ukurasa huo na si hadithi nzima. Kanuni ni nyepesi kuieleza, lakini imeniaibisha mara nyingi, kwa sababu nimekuta kwamba baadhi ya vitabu nilivyovisifu darasani havina ukurasa hata mmoja ambao ningetamani kumsomea jirani.

Kitabu nisichokipenda kupita vyote ni "Adili na Nduguze" cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952, na ninaandika hivyo hali mimi ni mtu wa Tanga, mkoa uleule aliozaliwa mwandishi huyo mwaka 1909. Baba yangu, aliyekuwa karani katika shamba la mkonge, alikuwa na nakala yake yenye jalada lililobanduka, na mwaka 1971, nikiwa na miaka minane, alikuwa akitusomea kila usiku baada ya chakula, kandili ikiwa juu ya meza na sisi watoto juu ya mkeka. Anayekijua kitabu hicho anaijua habari yenyewe: Adili ni mtu mwema kama jina lake, na nduguze wawili, Hasidi na Mwivu, ni waovu kama majina yao, aliwatendea hisani, wakamtosa baharini, jini likawageuza manyani na kumwamuru Adili awapige mijeledi kila usiku. Baba alisoma vizuri mno. Sauti yake ilishuka alipofika kwa manyani, nasi tulisogeleana.

Siku moja wakati wa usomaji huo kaka yangu, mwenye miaka kumi na miwili, alifanya kosa la kitoto. Mdogo wetu alikuwa amenunuliwa viatu vya shule, yeye hakununuliwa, naye akachukua kiatu kimoja akakitupa kisimani. Usiku baba alikifungua kitabu, akamtazama kaka juu ya miwani, akasema neno moja tu: "Hasidi." Tulicheka sote, mama naye alicheka. Kesho yake jina lile lilikuwa limefika uwanja wa mpira, na kufikia mwisho wa mwezi hata muuza maandazi alimwita hivyo bila kujua asili yake. Kaka alikua nalo. Baba alipofariki na ukoo ukakaa kuzungumzia shamba la minazi, kaka aliuliza hesabu ya miti imepatikanaje, na kabla hajajibiwa shangazi mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika: "Haya, Hasidi ameanza." Hakuuliza tena. Aliaga, akaenda zake, na kwa miaka mingi alikuja kwetu kwa mazishi na arusi peke yake. Tulipoihesabu minazi ile baadaye, miti ilikuwa pungufu, kama alivyoshuku.

Najua mwandishi hahusiki na kiatu chetu. Lakini nilipokifungua kitabu kile barazani ili nionyeshe panaponiuma, niliona kwamba tulichofanya nyumbani kilianzia ukurasani. Katika hadithi ile mtu hupewa jina kwanza, matendo yake yakaja nyuma kulitimiza. Hasidi hapewi asubuhi hata moja ya kuamka akiwa mtu asiye na husuda. Hatuambiwi wivu ulimwingia kwa mlango gani, wala kama aliwahi kuupigania ukamshinda. Najua pia kwamba mtindo huo una asili yake katika ngano zetu na za Waarabu, ambamo sungura ni mjanja na fisi ni mlafi na hakuna anayedai maelezo, na kwamba Shaaban Robert aliuchagua kwa makusudi. Sikatai ustadi wake. Nasema tu kwamba katika nyumba yenye watoto watatu, kitabu cha namna hiyo kinaweza kugeuka muhuri wa moto.

Hata hivyo nilipokuwa nikiutafuta ukurasa huo nilikutana na mwingine ambao nilikuwa nimeusahau. Ni pale inapoelezwa jinsi Adili anavyoamka usiku kwenda kuwachapa nduguze, na jinsi moyo wake mwenyewe unavyochanika kwa kazi hiyo, akapiga huku analia. Kwa miaka hamsini nilikuwa nimewaona manyani peke yao katika chumba kile. Mpigaji sikuwa nimemwona. Muuguzi alininyamazia kidogo, kisha akaniuliza kwa upole kama baba yangu, baada ya kulitoa jina lile, alipata kulala vizuri. Nilikumbuka kwamba alipokuwa mzee baba hakulitamka tena. Alimwita kaka kwa jina la babu. Kwa hiyo kitabu sikipendi, na kila mwaka ninakisoma kwa ajili ya ukurasa mmoja.

Nisieleweke kwamba nina ugomvi na Shaaban Robert. "Kusadikika" nilikifundisha mara nyingi kuliko kitabu kingine chochote, na nikiri kwamba kinanichosha: wajumbe sita wanatumwa pande sita, kila mmoja anarejea na jambo jema, kila mmoja anaishia kifungoni, na kufikia mjumbe wa tatu hata mwanafunzi mvivu anajua kitakachompata wa nne. Hotuba za Karama, mshtakiwa anayejitetea mbele ya mfalme, ni nzuri zikisomwa moja moja kwa siku tofauti, kama dawa. Lakini huyuhuyu mwandishi, katika "Maisha Yangu", alimlilia mkewe Amina kwa shairi ambalo sijawahi kulisoma kwa sauti likaisha bila koo kunikauka, hasa anaposema "mapenzi tuliyofunga, hapana wa kufungua". Pale hafundishi mtu adili lolote, hana jina la kumpachika mtu. Ana kaburi tu. Ningempenda zaidi kama angetuonyesha mara nyingi zaidi uso huo usio na jibu.

Kitabu ninachokipenda kuliko vyote si kitabu hasa bali ni utenzi, nao ni "Al-Inkishafi" wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, ambamo mtunzi anauonya moyo wake kwa mfano wa majumba ya fahari ya Pate yaliyogeuka magofu. Nilipokuwa mwanafunzi niliuchukia kwa sababu moja ya halali kabisa, nayo ni kwamba sikuelewa. Lahaja ya Pate na Lamu ilikuwa mbali na Kiswahili cha darasani, na mwalimu wetu, ambaye nadhani hakuuelewa vizuri yeye mwenyewe, alitupa orodha ya maneno tukariri: mbake, tame, nyuni, ukeme. Tuliyakariri kama watu wanaokariri namba za magari. Baadaye, nilipokuwa mwalimu mgeni na nimepangiwa kuufundisha, niliwachukua wanafunzi wangu kwenda Tongoni, kusini mwa mji wa Tanga kando ya barabara ya Pangani, ambako yapo magofu ya msikiti wa kale na makaburi yaliyojengwa kwa matumbawe, mengine yakiwa na nguzo ndefu, mengi ya nguzo hizo yameanguka. Katika baadhi ya makaburi hayo yapo mashimo ya duara yaliyochongwa kwa uangalifu, na hapo ndipo palipokuwa pamepachikwa bakuli za kaure kutoka ng'ambo. Bakuli hazipo tena, mashimo yapo.

Nilisimama mbele ya shimo moja nikasoma: "Madaka ya nyumba ya zisahani, sasa walaliye wana wa nyuni." Sikulazimika kueleza kwamba madaka ni vishubaka vya ukutani vya kuwekea vyombo. Mvulana mmoja aliyekuwa mtukutu kuliko wote aliingiza mkono ndani ya shimo lile akautoa mbio akipiga kelele, kwa maana mlikuwa na kiota cha nyigu, na darasa zima likacheka mpaka tukapoteza adabu ya makaburini. Mtunzi alitaja makinda ya popo, bundi na buibui. Nyigu hakuwataja, nadhani kwa kuwa Pate ilikuwa na bahati. Lakini tulipotulia yule mvulana aliniuliza swali ambalo hakuna mwongozo wa mtihani ulionao. Aliuliza kwa nini mtunzi anazungumza na moyo wake na si na watu wa Pate. Nikamwambia asome tena ubeti wa "moyo wangu nini huitabiri" kisha aniambie. Alisoma, akasema: "Kwa sababu watu wa Pate wameshakufa, mwalimu. Aliyebaki wa kuonywa ni yeye." Nimesoma maelezo mengi ya wataalamu kuhusu utenzi huo, na mengi ni mazuri, lakini ninapouwaza huwa naisikia sauti ya mtoto yule aliyekuwa akinyonya kidole kilichoumwa na nyigu.

Hapo hapo niwatetee Bwana Msa na mwandishi wake, Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, kwa sababu barazani kwetu wapo wanaodhani riwaya ya upelelezi haistahili kuketi sahani moja na tenzi. "Mzimu wa Watu wa Kale" kilichapishwa mwaka 1960, na hadi leo sijui kitabu cha Kiswahili kinachomfanya msomaji akae vizuri zaidi kitini. Bwana Msa na kiko chake, Najum anayemfuata nyuma akidhani anaelewa, mazungumzo yenye chumvi ya Unguja, hayo yanatosha. Mzee wa reli alipotakiwa kuonyesha ukurasa alisoma mitatu mfululizo, akasahau kahawa yake. Walimu tulikuwa na mazoea ya kuviita vitabu vya namna hiyo vya burudani, kana kwamba burudani ni ugonjwa.

Sasa nifike kwa Mwana Kupona, ambaye nimekuwa naye katika ugomvi wa miaka mingi. Alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, na mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye Mwana Hashima utendi wa wosia unaojulikana kila mahali Kiswahili kinaposomwa. Niliufundisha kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka ishirini na sita, nimetoka katika ndoa ambayo sitaieleza hapa, na kila nilipofika ubeti usemao "siku ufufuliwao, nadhari ni ya mumeo, taulizwa atakao, ndilo takalotendewa" nilihisi kama nimefungiwa mlango usoni. Yaani hata Siku ya Kiyama, mbele ya Mola, mwanamke atasubiri mumewe aulizwe anataka mkewe apelekwe wapi. Wavulana wa darasa langu waliupenda ubeti huo kwa sababu zao. Wasichana waliangalia madaftari. Nami niliwaandikia ubaoni, kwa mwandiko mzuri, kwamba mwandishi amefaulu kuonyesha nafasi ya mwanamke katika jamii ya wakati huo, nikafuta ubao, nikaenda nyumbani na hasira zangu.

Miaka mingi baadaye mama yangu aliugua, akalala kitandani miezi kumi na minne, nami ndiye niliyemuuguza. Mwezi wa kumi na mbili hivi, asubuhi moja aliyoamka na nguvu kidogo, aliniambia nilete daftari na kalamu nikae mbele yake. Nikadhani anataka kuandikiwa barua. Alianza kunitajia: anadaiwa shilingi elfu nne na mwanamke wa nazi, sufuria kubwa la shughuli si letu, ni la jirani wa kushoto, lirudishwe kabla ya arobaini yake, kanga mbili mpya zilizo chini ya sanduku zigawiwe wakwe, moja moja, na yeyote asipewe jozi ili asionekane amependelewa, nisikae na kinyongo na shangazi. Kila jambo alilitaja akapumzika, nami nikaandika. Nilipofika ukurasa wa pili ndipo maneno ambayo nilikuwa nimeyafundisha kwa chuki yakanijia yenyewe, bila kuitwa: "Maradhi yamenshika, hata yametimu mwaka." Yule mwanamke wa Siyu naye alimwambia bintiye asogee, akae mbele yake na wino na karatasi. Kwa miaka yote niliyousoma utendi ule nilikuwa nimeanza na maamrisho. Sikuwa nimekiona kitanda.

Sikusema kwamba ubeti wa Kiyama umekuwa mtamu. Haukuwa mtamu, na sitaki mtu anisifu kwa kupatana na maneno nisiyopatana nayo. Kilichobadilika ni kwamba sasa najua anayeyasema ni nani na anaogopa nini. Mwanamke anayekufa, anayemwacha binti katika mji wa wanaume wenye nguvu, anamfundisha njia alizozijua yeye za kupita salama. Nyingi za njia hizo ni za kuinama, na baadhi ni za ujanja, kwa kuwa ukisoma kwa makini utaona kwamba anafundisha pia jinsi ya kumtuliza mtu mkubwa kama mtoto. Shaaban Robert aliufuata mfano huo alipomtungia binti yake "Utenzi wa Hati", na wengine wameufuata tangu hapo, lakini kwangu nakala iliyo karibu zaidi na asili ni lile daftari la mama lenye habari za sufuria.

Niliyasoma hayo barazani, na nilidhani nimeushinda mkutano. Jumamosi iliyofuata ikawa zamu ya kitabu kingine nisichokipenda, "Uhuru wa Watumwa" cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934 na kusomwa na wanafunzi wengi wa zama za ukoloni. Nilieleza panaponiuma: kwamba ninapokifunga kitabu hicho, picha inayobaki akilini ni ya manowari ya Waingereza inayowakamata wafanyabiashara wa utumwa baharini na kuwaokoa waliofungwa, pamoja na shukrani zisizo na mwisho, kwamba wale waliojikomboa kwa miguu yao wenyewe, watoro waliojenga vijiji vyao nyuma ya pwani ya Malindi, kama Fuladoyo, hawapewi nafasi inayowastahili, na kwamba kumshukuru mtawala wakati ule alipokuwa ameketi juu ya mgongo wa nchi nzima kulimfaa mtawala kuliko msomaji. Nilikuwa na ukurasa wangu tayari. Nilisoma vizuri, kama baba.

Mzee wa reli alinisikiliza mpaka mwisho. Sikuwa nimejua, kwa miaka yote tuliyokaa jirani, kwamba alizaliwa Mombasa na kwamba bibi wa bibi yake aliletwa Freretown akiwa msichana mdogo, kijiji kilichoanzishwa na wamisheni mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, ambacho kengele yake imeupa mtaa wa Kengeleni jina lake hadi leo. Aliweka kikombe chini, akasema: "Mwalimu, aliyefunguliwa mnyororo hamwulizi anayemfungua anakula wapi. Mbotela aliandika aliyoyasikia kwa wazee wake. Kwetu hakuna kitabu kingine chenye sauti za watu hao." Nikamjibu kwamba ninaheshimu sauti hizo, ila ninabishana na shukrani. Ndipo aliponigeuzia kibao. Aliomba kitabu changu cha Mwana Kupona, akatafuta polepole kwa kidole, akasoma: "Sitangane na watumwa, ila mwida wa khuduma." Usichanganyike na watumwa, isipokuwa wakati wa kuhudumiwa. Akakifunga. "Huyu umemsamehe," akasema, "kwa sababu alikuwa mgonjwa na alifanana na mama yako. Sasa wa kwetu, waliokuwa upande wa pili wa ubeti huu, nani atawasamehe kwa kushukuru?"

Sikuwa na la kusema. Ubeti ule nilikuwa nimeupita mara mamia, darasani na nyumbani, na hata pale kando ya kitanda cha mama haukunisimamisha, kwa kuwa haukunihusu. Uliyemhusu alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwangu miaka tisa, akinimiminia kahawa. Jioni ile nilirudi nyumbani nikakisoma tena kitabu cha Mbotela kuanzia mwanzo hadi mwisho. Bado sikipendi, nami nilimwambia hivyo Jumamosi iliyofuata. Tofauti ni kwamba nilipomwambia nilikuwa na kurasa mbili mkononi, moja inayoniuma na nyingine ambayo niliomba anisomee yeye. Alisoma. Hatujakubaliana hadi leo, na nadhani hatutakubaliana.

Vingine nivipite upesi. "Kinjeketile" cha Ebrahim Hussein, cha mwaka 1969, nakipenda kwa ajili ya mwisho wake, ambapo mtu anayeteswa anakataa kuyakana maneno ambayo yeye mwenyewe ana mashaka nayo. "Rosa Mistika" cha Kezilahabi nilikisoma kikiwa kimefunikwa gazeti, kwa kuwa kiliwahi kupigwa marufuku shuleni, na naungama kwamba lile gazeti lilikiongezea utamu ambao sikuukuta tena kilipokuja kuwa kitabu cha kiada. Tafsiri za Mwalimu Nyerere za Shakespeare nazipenda zaidi kwa ujasiri kuliko kwa usomaji. Mtu anayemchukua mfanyabiashara wa Venice na kutuletea "Mabepari wa Venisi" ametoa hukumu kabla ya pazia kufunguliwa.

Mwaka huu, mwezi wa Rajabu, kaka yangu alikuja mjini kutibiwa macho, akafikia kwangu. Jumamosi nilimpeleka barazani, na mzee wa reli, asiyejua lolote la nyumbani kwetu isipokuwa lile nililokuwa nimelisimulia bila kutaja mtu, akampokea kwa swali lake la siku zote: "Na wewe, bwana, kitabu gani hukipendi?" Kaka alinitazama. Kisha akajibu, bila hasira, kwamba kipo kimoja, "Adili na Nduguze", ila hawezi kutuonyesha panapouma kwa sababu hajapata kukisoma. Usiku ule wa kiatu alitoka nje kabla baba hajafika mwisho, na tangu hapo hajakifungua. Kila mtu alinyamaza. Muuguzi ndiye aliyemuuliza kama angependa kujua mwisho wake. Kaka akauliza: "Kwani hao ndugu walibaki manyani?" Nikamwambia hapana, walirudishiwa ubinadamu wao. Akatikisa kichwa kidogo, akaomba aongezewe kahawa, na mazungumzo yakahamia kwingine.

Alipoondoka Jumatatu kwa basi la asubuhi nilikuta pengo kwenye rafu yangu, upana wa kidole kimoja, mahali ilipokuwa nakala ya baba. Hajakirudisha, nami sijakidai.